Hustler Fund: Mkopo wa Bei Rahisi Uliozaliwa Jukwaani

Mkopo wa shilingi 1,000 kutoka Hustler Fund, hazina ya serikali ya Kenya inayowakopesha kwa simu mahasla, yaani watafutaji riziki wa kipato kidogo, na ambayo wengi tunaiita Hazina ya Hasla, ukirejeshwa siku ya kumi na nne humgharimu mkopaji riba ya takriban shilingi 3. Kwa bei hiyo sioni mkopo mwingine wa simu nchini Kenya unaoikaribia, na mtu angetarajia huduma ya namna hii isifiwe katika kila soko na kila kituo cha bodaboda. Haikuwa hivyo. Tangu Rais William Ruto alipoizindua Nairobi tarehe 30 Novemba 2022, katika kituo cha magari cha Green Park, hazina hii imechekwa na kutetewa, imekopwa na mamilioni ya watu, imeachwa bila kulipwa na wengi wao, na hatimaye imekuwa kipimo cha jinsi wananchi wanavyoiona serikali yenyewe. Mimi ni mtumiaji wake, na naiona kuwa bidhaa bora kwa bei lakini hafifu kwa kiasi na kwa muda. Naamini pia kwamba ubora huo na uhafifu huo vina chimbuko moja, yaani kampeni ya uchaguzi wa Agosti 2022.

Nianze na jinsi inavyofanya kazi. Mkopaji hubonyeza *254# kwenye laini yake, hujisajili, kisha huonyeshwa kiwango anachoruhusiwa kukopa, ambacho ni kati ya shilingi 500 na 50,000. Haihitaji simu ya bei kubwa wala intaneti, kwa hivyo mwenye kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, na mwenye simu ya kisasa wanahudumiwa sawa, na hilo ni jambo la kupongeza wakati ambapo mikopo mingi mipya inamtaka mtu apakue programu na kuiruhusu ichungulie jumbe zake. Waliokuwa wameorodheshwa na CRB, yaani mashirika yanayotunza kumbukumbu za wakopaji, kwa madeni ya zamani hawakufungiwa mlango. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka na huhesabiwa kwa siku. Zikipita siku 14 bila malipo, riba hupanda hadi asilimia 9.5, na baada ya siku 30 mkopaji hupoteza alama za ukopaji alizokwisha kujijengea na akaunti yake kusimamishwa.

Kuna makato ambayo watu wengi waliyalalamikia mwanzoni bila kuyaelewa. Asilimia 5 ya kila mkopo haimfikii mkopaji mkononi, bali huwekwa akiba kwa jina lake. Anayeomba 1,000 hupokea 950, na katika zile 50 zinazobaki, 35 huingia katika akiba ya uzeeni na 15 katika akiba ya muda mfupi. Ni kweli kwamba riba hutozwa kwenye 1,000 nzima, lakini tofauti hiyo ni senti. Mtu anayekopa na kulipa 1,000 kila wiki mbili mwaka mzima atakuwa amejiwekea shilingi 910 za uzeeni bila kuhisi, na kwa fundi wa jua kali au muuza mitumba ambaye hakuwahi kuwa na hati ya mshahara, huenda hiyo ikawa akiba yake ya kwanza ya aina hiyo. Naona hii ndiyo sehemu iliyobuniwa kwa busara kuliko zote katika hazina hii, na pia ndiyo iliyoelezwa vibaya kuliko zote. Siku za mwanzo wengi waliamini kwamba serikali inakata ushuru hata kwenye mkopo, na hawakuwa wajinga kuamini hivyo, kwa maana walikuwa wamekwisha kuzoea kukatwa.

Bei yake inaonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na walioitangulia. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza mwaka 2012, ilitoza kwa miaka mingi asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani shilingi 75 kwa kila 1,000, iwe umelipa siku ya tano au ya ishirini na tisa. Fuliza, huduma ya kulipa kwa simu hata salio lisipotosha, ambayo kampuni ya simu ya Safaricom ilianza kuitoa mwaka 2019, ilipunguza viwango vyake kuanzia Oktoba 2022, na hata baada ya punguzo hilo deni la 1,000 lilitozwa asilimia 1 ya kuanzia, siku tatu za bure, kisha shilingi 6 kwa siku. Ukilikalia siku 14, umelipa zaidi ya shilingi 70. Punguzo lenyewe la Fuliza lilikuja wiki chache tu baada ya Ruto kuapishwa tarehe 13 Septemba 2022, naye alikuwa ameutangazia umma kwamba mikopo ya bei ghali ingekuwa adui wake wa kwanza. Hazina ilikuwa haijazaliwa bado, nami nashawishika kusema kwamba kazi yake kubwa kuliko zote iliifanya wakati huo, kwa kuwatia hofu wakopeshaji waliokuwa wamestarehe.

Sasa tuje kwenye kiasi. Wengi waliobonyeza *254# siku za kwanza walikuta kwamba wameruhusiwa kukopa shilingi 500. Kejeli zilizofuata mitandaoni zilikuwa kali, lakini hesabu yenyewe ilikuwa kali zaidi. Mnamo Septemba 2022 serikali mpya iliondoa ruzuku ya petroli, na bei ya lita moja Nairobi ikapanda kwa mara moja hadi shilingi 179.30. Mwendeshaji bodaboda aliyepewa 500, ambazo baada ya makato ni 475, aliweza kununua lita mbili na ushei. Oktoba 2023, lita ilipofika shilingi 217.36, fedha zile zile zilimtoshea lita mbili na vijiko vichache. Mtaji wa namna hiyo humaliza siku, nao mtu akiumaliza hajaongeza biashara yake hata kidogo. Mama mboga anayeamka alfajiri kwenda Marikiti, soko kubwa la mazao, kuchukua nyanya na sukuma wiki anahitaji fedha za kununua kreti nzima kwa bei ya jumla, kwa kuwa faida yake imo katika kuruka dalali mmoja. Akiwa na 475, atanunua kwa yule yule dalali.

Watetezi wa hazina husema kwamba kiwango hupanda kadiri mtu anavyokopa na kulipa, na ndivyo ilivyo. Utaratibu wa kupanda ngazi unaeleweka: mkopeshaji asiyemjua mteja wake huanza kidogo. Ila benki inayoanza kidogo haikuzunguka nchi nzima miaka miwili ikiwaahidi wateja wake kwamba itawatoa katika umaskini. Hapa ndipo bidhaa ilipoumizwa na tangazo lake.

Tatizo la muda naliona kuwa zito kuliko la kiasi. Siku 14 zinamfaa anayeuza vitu vinavyoisha kwa siku mbili tatu, kama mboga, maziwa au samaki. Hazimfai fundi cherehani anayesubiri sare za shule zilipwe mwisho wa mwezi, wala mfugaji wa kuku ambaye kifaranga chake hakiuziki kabla ya wiki tano au sita, wala mkulima yeyote yule. Mtu wa namna hiyo akikopa, hulipa kwa fedha za chakula au hukopa kwingine ili alipe, na huko kwingine ndiko kwenye ile riba ambayo hazina iliundwa ili imwokoe nayo. Serikali ilijitangaza kuwa ya wazalishaji wadogo, kisha ikawapa mkopo uliokatwa kwa kipimo cha wachuuzi wa siku moja.

Ili kuelewa ni kwa nini, ni lazima turudi kwenye kampeni. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa, kwa sehemu kubwa, shindano la majibu mawili kwa swali la gharama ya maisha. Raila Odinga wa muungano wa Azimio aliahidi kuzipa familia maskini shilingi 6,000 kila mwezi. Ruto, chini ya chama cha UDA chenye alama ya wilbaro, alisema kwamba watu hawataki kupewa bali wanataka mtaji, na akaahidi shilingi bilioni 50 kila mwaka kwa ajili ya uchumi wa kuanzia chini kwenda juu. Mfumko wa bei ulikuwa unapanda na ulifikia asilimia 9.6 Oktoba mwaka huo. Wiki chache kabla ya kura, serikali iliyokuwa ikiondoka ilitangaza ruzuku ya kushusha pakiti ya unga ya kilo mbili hadi shilingi 100, na wengi waliona wazi kwamba unga huo ulikuwa na harufu ya debe la kura. Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Aliyeshinda kwa upenyo mwembamba hivyo, na kwa ahadi iliyo wazi hivyo, hakuwa na nafasi ya kukaa mwaka mzima akibuni mkopo. Hazina ilizinduliwa ndani ya siku 80 za kuapishwa kwake, nao mkopo unaobuniwa haraka kwa mamilioni ya watu wasiojulikana hauwezi kuwa mwingine ila mdogo na wa siku chache.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Hazina ya vijana iliundwa mwishoni mwa 2006, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, na ya wanawake ikafuata 2007. Mwaka 2013 Rais Uhuru Kenyatta alianzisha Uwezo Fund kwa shilingi bilioni 6 zilizokuwa zimetengwa kwa duru ya pili ya uchaguzi ambayo haikufanyika, na nadhani hakuna mfano mzuri kuliko huo wa fedha za kura kugeuka mikopo. Kila utawala umeacha hazina yake, na kila hazina imekuja na nembo yake, maofisa wake na hotuba zake za uzinduzi. Hii ya sasa imezipita zote kwa urahisi wa kuifikia, maana zile za zamani zilihitaji fomu, kikundi na safari za kwenda ofisi za kaunti ndogo.

Historia hiyo ina madhara kwa ulipaji. Mtu aliyeona hazina zikija na kupita pamoja na marais huuona mkopo wa serikali kama mgao, nao mgao haurudishwi. Kwa bahati mbaya muundo wenyewe haukusaidia kuondoa fikra hiyo. Fuliza hujilipa yenyewe mara tu fedha yoyote inapoingia kwenye simu, iwe ni mshahara au ni mia mbili za shangazi, na ndiyo maana watu huilaani lakini huilipa. Kwa Hazina ya Hasla, mkopaji mwenyewe ndiye anayetakiwa kurudi *254# na kulipa kwa hiari. Binafsi naupenda ustaarabu huo. Lakini ustaarabu wa aina hiyo unahitaji imani, na imani ilikuwa inapungua kila mwezi. Mabilioni ya shilingi ya awamu ya kwanza hayakurejeshwa, jambo ambalo serikali yenyewe imelikiri mara kadhaa hadharani, na adhabu ya kufungiwa akaunti haimtishi aliyekopa 500 na asiyetarajia tena kitu kutoka huko.

Imani ilipungua kwa sababu mkono uliokopesha ndio uliokuwa ukikata. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaleta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa wenye mishahara, ikapandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3, na ikaongeza ushuru wa ada za kutuma fedha kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Huu wa mwisho haukuzungumzwa sana, ingawa ndio uliomgusa hasla moja kwa moja: yeye ndiye anayelipwa kwa simu na kumlipa msambazaji kwa simu, na mwisho wa wiki hutuma za nyumbani kwa simu. Aliyeokoa shilingi 70 kwa kukopa Hustler Fund badala ya kwingine aliweza kuzipoteza kidogo kidogo katika miamala na nauli kabla hata ya siku 14 kwisha. Hapo ndipo jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, lilipompata Rais.

Hasira hiyo ilifika kileleni Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, pamoja na mengine, kutoza mkate asilimia 16 na magari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Mengine yaliondolewa kabla ya kura, lakini vijana walikwisha kuingia barabarani, na tarehe 25 Juni waandamanaji wakalivamia Bunge. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya Juni na Julai. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo, na wiki mbili baadaye akalivunja baraza la mawaziri. Kwa mtumiaji wa Hustler Fund, tokeo moja la mtikisiko huo lilikuwa la kushangaza: wizara ya ushirika na biashara ndogo, inayoisimamia hazina, ilikabidhiwa Wycliffe Oparanya, gavana wa zamani wa Kakamega na mmoja wa viongozi wakuu wa chama cha Raila. Bidhaa iliyobuniwa ili kumshinda Raila ikawa mikononi mwa watu wa Raila, huku *254# ikifungua orodha ile ile.

Gharama ya hazina kwa serikali nayo haizungumzwi sana katika tathmini za aina hii. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hatua kwa hatua hadi asilimia 13 Februari 2024, wakati shilingi ilipokuwa imeporomoka hadi kupita 160 kwa dola moja na nchi ikiwa na wasiwasi wa kulipa deni la dola bilioni 2 la Eurobond lililoiva Juni mwaka huo. Mwezi huo huo wa Februari serikali iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Kwa hiyo serikali ilikuwa ikikopa kwa zaidi ya asilimia 18 kwa wenye fedha na kumkopesha mama mboga kwa asilimia 8. Tofauti hiyo ni ruzuku, nayo hulipwa na mlipa kodi, ambaye ni pamoja na mama mboga mwenyewe kila anapotuma fedha au kupanda matatu. Sipingi ruzuku. Ninachopinga ni kuiita ruzuku biashara, kisha kuwalaumu wakopaji kwa kutoiheshimu kama biashara.

Tangu hapo takwimu za uchumi zimetulia. Shilingi ilirudi kwenye kiwango cha takriban 129 kwa dola, na mfumko wa bei ulishuka hadi asilimia 3.6 Septemba 2024. Maofisa wa serikali huzitaja takwimu hizo kwa uchungu wa mtu asiyeshukuriwa. Lakini mfumko kushuka hakumaanishi bei kushuka. Bei huendelea kupanda, ila polepole, kutoka pale pale juu zilipofika. Na mwenye mshahara anayenunua kwa mama mboga alianza Oktoba 2024 kukatwa asilimia 2.75 za bima mpya ya afya, juu ya ushuru wa nyumba na michango iliyoongezwa ya NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni. Mteja akikatwa, hununua nusu ya alichozoea, na muuzaji hupata nusu ya alichozoea. Hakuna riba ndogo kiasi cha kumfanya mtu akope ili aongeze bidhaa ambazo hazina mnunuzi. Nadhani hili linaeleza zaidi kuliko siasa kwa nini watu walioipenda hazina mwanzoni waliacha kuitumia bila hasira yoyote.

Kuna tawi moja la hazina hii ambalo ningelipa alama za juu zaidi, na ambalo halijapata umaarufu unaolistahili. Ni mkopo wa vikundi, uliozinduliwa Embu katika sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2023, wa kati ya shilingi 20,000 na milioni 1, kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Hapa mkopo unapita katika taasisi ambayo Wakenya waliijenga wenyewe zamani kabla ya wanasiasa kuigundua, yaani chama, kile kikundi cha kuchangishana na kukopeshana. Wanachama wanajuana, wanajua nani ana kibanda na nani ana maneno tu, na aibu ya kumwangusha jirani hulipisha deni kuliko ujumbe wowote wa simu. Kwa shilingi laki mbili, wanawake kumi wanaweza kukodi lori moja la viazi kutoka Nyandarua na kumwacha dalali barabarani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuitumia ni wa aina tatu. Ukiwa na biashara inayozunguka ndani ya wiki mbili, kopa Hustler Fund kabla ya kugusa Fuliza au programu yoyote ya mikopo, na ulipe kabla ya siku ya kumi na nne, kwa kuwa faida yake kubwa ni kupandishwa kiwango na ile akiba ya uzeeni inayokua polepole. Ukiwa na kazi inayochukua mwezi au msimu, iache ile ya mtu mmoja na umshawishi mwekahazina wa chama chenu aulizie ya vikundi. Na ukiwa unaitaka kwa ajili ya karo au dawa, itakufaa kwa dharura ya usiku mmoja, mradi ujue mapema fedha ya kulipa inatoka wapi.

Kwa wasimamizi wake, mabadiliko ninayoyaona ya lazima si ya gharama kubwa: mkopaji achague mwenyewe muda kati ya siku 14 na 60, na riba iende nao, aelezwe kwa Kiswahili chepesi kiwango chake kimehesabiwaje, na kila mwezi atumiwe salio la akiba yake bila kuomba. Mabadiliko hayo yanaweza kufanywa leo kwa utulivu. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027, na mwaka mmoja kabla yake viwango vya kukopa vikianza kupanda ghafla kwa watu ambao hawajabadilisha chochote katika ulipaji wao, itakuwa vigumu kumshawishi mtu yeyote Marikiti kwamba huo ni mkopo.